Kula kwa GI ya chini ukiwa na PCOS: mwongozo kamili

Weka mabakuli mawili mezani. Yote yana uji wa oti, ujazo uleule, bila sukari. La kwanza limepikwa kwa oti nene, zile zinazokaa jikoni muda mrefu ndipo ziive. La pili ni oti za papo kwa hapo: unamwaga maji ya moto, unakoroga, unakula. Nafaka ni ileile. Lakini kwenye kipimo cha GI (glycemic index), kinachoonyesha chakula kinapandisha sukari ya damu kwa kasi gani, bakuli la kwanza huwa karibu na 55 na la pili karibu na 79.

Tofauti haikutoka shambani. Oti za papo kwa hapo zimepikwa kiwandani, zikabanwa zikawa nyembamba na kukatwakatwa, kwa hiyo zinapofika tumboni kazi imeshafanyika. Kilichobaki ni sukari kuingia kwenye damu, na inaingia kwa kasi.

Ukiyaelewa mabakuli hayo umeelewa nusu ya mwongozo huu wa kula ukiwa na PCOS (polycystic ovary syndrome, yaani ovari zenye vijifuko vingi), hali ya homoni inayovuruga hedhi. Mlo wa GI ya chini haukukatazi wanga. Unachotaka ni utumbo uachiwe kazi yake, isifanywe yote na kiwanda, blenda au sufuria.

Insulini inahusikaje na ovari?

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walieleza hali ya wanawake waliokuwa wakikosa hedhi huku ovari zao zikiwa kubwa na zimejaa vijifuko vidogo vidogo. Jina la PCOS limetokana na vijifuko hivyo, na limewatisha watu wengi bure. Si uvimbe wa kukatwa. Ni vijifuko vya mayai ambavyo vilianza kukua vikaishia njiani.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajui kuwa wanayo. Kwa mwanamke mtu mzima, daktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi kwenye ultrasaundi (siku hizi kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotoka kwenye vijifuko vya mayai, kinaweza kushika nafasi ya ultrasaundi). Kabla ya hapo huondoa kwanza mengine yanayofanana nayo, kama matatizo ya tezi ya shingo au prolaktini (homoni ya maziwa) kupanda. Kwa hiyo chunusi na nywele za kidevuni peke yake zisikufanye ujiandikie ugonjwa.

Sasa insulini. Ukila wanga, sukari inapanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini, insulini inafungulia sukari iingie kwenye seli. Wanawake wengi wenye PCOS, wakiwemo baadhi ya wembamba, wana usugu wa insulini: seli zinachelewa kufungua, kongosho linaongeza dozi. Misuli imekuwa sugu, lakini ovari hazijawa sugu kwa namna hiyo. Zinaipokea insulini yote hiyo na kuitikia kwa kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume, zaidi. Wakati huohuo ini linapunguza protini inayoishika testosteroni kwenye damu, kwa hiyo ile iliyo huru inaongezeka. Matokeo unayaona kwenye kioo na kwenye kalenda: chunusi, nywele mahali usipozitaka, hedhi inayokuja inapojisikia.

Mlo wa GI ya chini unaingia hapo. Sukari ikipanda polepole, kongosho halilazimiki kumwaga insulini nyingi kwa mpigo.

Je, mlo huu una ushahidi? Upo, na una mipaka. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 uliwachukua wanawake 96 wenye PCOS na uzito mkubwa. Baadhi walikula mlo wa GI ya chini, wengine mlo wa kawaida wa kiafya, na makundi yote mawili yalipungua uzito sawa. Hedhi ilitengemaa zaidi kwa asilimia 95 ya waliokuwa kwenye GI ya chini, ikilinganishwa na asilimia 63 ya wenzao. Kinachopunguza uzito wa takwimu hizo ni kwamba karibu nusu ya washiriki waliacha njiani. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 nao unasema hakuna mlo mmoja uliothibitika kuishinda mingine yote. Mimi bado naupendekeza huu, kwa sababu ya kawaida kabisa: haukunyimi kundi zima la chakula, na mlo usiokunyima unaweza kuishi nao miaka.

Kabla hujagusa sufuria

Ongea na daktari kwanza kama unatumia insulini au dawa za kisukari zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi, kama una mimba, kama figo zako zina shida, au kama umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kula bila kuweza kujizuia. Kwa huyo wa mwisho, kuhesabu namba za chakula kunaweza kuamsha jinamizi lililolala. Aruke hesabu zote zilizomo humu, afuate tu maelekezo ya kupanga sahani yaliyo kwenye Hatua ya 4.

Halafu andika unapoanzia. Tarehe za hedhi tatu zilizopita kama unazikumbuka, mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu, na majibu ya vipimo ulivyonavyo. Mwenye PCOS anatakiwa kupimwa sukari anapogundulika na kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na kipimo kinachopendelewa ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kutolewa damu baada ya saa 2. Sukari ya asubuhi peke yake inaweza kuwa safi kabisa huku mwili ukishindwa kuhimili chakula cha mchana.

Hatua ya 1: Zijue namba mbili, kisha zisikutawale

GI ilianzishwa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake katika Chuo Kikuu cha Toronto. Watu wenye afya wanapewa chakula chenye gramu 50 za wanga unaoweza kumeng'enywa, sukari yao inapimwa kwa saa 2, kisha inalinganishwa na glukosi tupu ambayo imepewa 100. Hadi 55 ni chini, 56 hadi 69 ni kati, 70 kwenda juu ni juu.

Tatizo ni kwamba hakuna anayekula gramu 50 za wanga kutoka kila chakula. Tikiti maji lina GI ya karibu 76, na kwa namba hiyo peke yake watu wamelifukuza mezani. Lakini kipande cha gramu 120 hakifikishi gramu 10 za wanga, maana kilichobaki karibu chote ni maji. Ndiyo maana kuna namba ya pili, GL, yaani mzigo wenyewe wa sukari. Unazidisha GI kwa gramu za wanga ulizokula, unagawanya kwa 100. GL hadi 10 ni ndogo, 11 hadi 19 ni ya kati, 20 kwenda juu ni kubwa. Kile kipande cha tikiti hakifiki 8. Kirudishe mezani.

Namba hizi ni wastani. Mchele wa aina moja hutofautiana na mwingine, na mtu yuleyule hutoa majibu tofauti siku tofauti. Anayebishana kama chakula fulani ni 54 au 57 anapoteza muda wake.

Hatua ya 2: Anza na kikombe, sahani baadaye

Kama ungebadilisha jambo moja tu mwezi huu, ningekuambia liwe la vinywaji. Kopo la soda la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, na hakuna hata nyuzinyuzi moja ya kuichelewesha. Juisi ya matunda, hata uliyoikamua mwenyewe, inashangaza: machungwa manne huwezi kuyala kwa dakika mbili, lakini unayanywa bila kutambua. Kula chungwa, kunywa maji.

Kwenye chai, punguza nusu kijiko kila wiki badala ya kuacha ghafla. Ulimi hujifunza. Asali haikuokoi, GI yake ni kama 61. Na usikimbilie sukari ya fruktosi kwa sababu GI yake ni ndogo mno, kama 15. Fruktosi nyingi ya kuongezwa inapelekwa kwenye ini, ambako sehemu yake hugeuzwa mafuta, na ini la mwenye usugu wa insulini halihitaji mafuta zaidi. Huu ni mfano mzuri wa namba inayosema kweli na bado ikakupotosha.

Hatua ya 3: Badili wanga mmoja kwa wiki

Usimwage kila kitu kilichomo kabatini. Chagua chakula cha wanga unachokila mara nyingi kuliko vyote, utafute ndugu yake mwenye GI ya chini, ukae naye siku saba. Hizi ni baadhi ya namba za wastani, utaona kuna mambo usiyoyatarajia:

Mkate mweupe, 75. Mkate wa ngano isiyokobolewa, 74. Ndiyo, tofauti ya moja tu. Unga uliosagwa laini ni laini hata kama pumba zimo, na rangi ya kahawia haicheleweshi kitu tumboni. Mkate unaostahili jina la GI ya chini ni ule ambao punje zinaonekana na meno yanazikuta. Ule wa kahawia laini unabaki na faida ya nyuzinyuzi, lakini usiudhanie mengine.

Wali mweupe wa kuchemsha, karibu 73. Mchele wa basmati huwa chini zaidi, kwenye hamsini na kitu, kwa sababu una aina ya wanga iitwayo amilosi kwa wingi, nayo humeng'enywa polepole. Punje zinazobaki zimeachana huwa zina amilosi nyingi. Zinazonata zina kidogo.

Viazi vya kuchemsha, 78. Viazi vitamu vya kuchemsha, kama 63. Tambi za spageti, 49, na watu wengi hawaamini, lakini unga wake umeshikana kiasi kwamba vimeng'enya vinapata tabu kupenya. Shayiri ya punje, 28. Kornfleksi, 81.

Halafu kuna jamii ya kunde, na hapa nitakaa kidogo. Maharagwe ni karibu 24, dengu 28, adesi 32. Ni vigumu kupata wanga mwingine wa bei ya kawaida unaofika huko chini ukiwa na protini na nyuzinyuzi nyingi kwa pamoja. Gramu 150 za maharagwe yaliyoiva zinakupa karibu gramu 10 za nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Ukiwa huna hamu ya kusoma mwongozo huu mpaka mwisho, fanya hili moja: kila siku mlo mmoja uwe na kunde ndani yake.

Tumbo likijaa gesi, usikate tamaa wiki ya kwanza. Loweka usiku kucha, mwaga maji, suuza, pika kwa maji mapya, na anza na vijiko vitatu kwa mlo. Ongeza taratibu na unywe maji ya kutosha. Bakteria wa utumbo nao wanahitaji kuzoea.

Hatua ya 4: Panga sahani

Nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi: majani, kabichi, nyanya, bilinganya, matango, maharagwe machanga. Robo iwe protini, yaani samaki, yai, kuku, nyama isiyo na mafuta mengi, au kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga. Mafuta kidogo yasikosekane: parachichi, karanga, mafuta ya zeituni au ya alizeti. Mafuta na protini huchelewesha chakula kutoka tumboni.

Tuipime kwa mfano. Sahani iliyojaa wali mweupe, tuseme gramu 300 ulioiva, ina takriban gramu 84 za wanga. Kwa GI ya 73, GL ni kama 61. Ni mlo mmoja huo, na bado hatujaweka kinywaji. Sasa pakua gramu 100 za wali huohuo, GL inashuka hadi kama 20. Ongeza gramu 150 za maharagwe, unaongeza 6 au 7 tu. Jumla ni 27. Sahani bado imejaa, wali bado upo, na mzigo haufiki nusu ya ule wa kwanza. Ukibadili mchele uwe basmati, unashuka tena hadi kama 22 au 23.

Angalia kilichofanya kazi kubwa hapo. Aina ya mchele imekupunguzia pointi 4. Kijiko cha kupakulia kimekupunguzia 41. Watu hutafuta mchele wa ajabu wakati jibu liko kwenye mkono unaopakua.

Huna mizani? Wali uliolingana na ngumi yako iliyokunjwa unatosha kuanzia. Na usipakue ukiwa na njaa ya kutetemeka; pakua, funika sufuria, ndipo ukae.

Hatua ya 5: Jikoni, jizuie kupitiliza

Wanga unapochemka, punje zake hunyonya maji, huvimba na kupasuka. Kadiri zinavyopasuka ndivyo sukari inavyotoka haraka. Basi tambi zitoe zikiwa bado zina ugumu kidogo katikati. Wali usiuache ukawa bokoboko. Viazi kata vipande vikubwa, usiviponde; viazi vya kuponda vya unga wa pakiti hufika 87.

Kupoza kunasaidia pia. Viazi au wali ukipoa kwenye friji, sehemu ya wanga inajipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa, na hata ukipasha moto baadhi yake inabaki hivyo. Faida ni ya wastani, si muujiza, na ina hatari yake: wali ulioachwa mezani kwa saa nyingi huota bakteria wenye sumu isiyoondoka kwa kupasha. Upoze haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe ndani ya siku moja, upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke kotekote.

Ndimu au siki kwenye kachumbari hupunguza kasi ya sukari kidogo. Ndizi ambayo bado ina ukijani kwenye ncha ni bora kuliko yenye madoa meusi. Tunda zima ni bora kuliko tunda lililopita kwenye blenda. Kanuni ni ileile ya mabakuli mawili, sidhani kama kuna haja ya kuirudia.

Hatua ya 6: Mpangilio na miguu

Kuna hila ambayo haikugharimu kitu: kula mboga na protini kwanza, wanga mwisho. Tafiti zilizopima watu wakila chakula kilekile kwa mpangilio tofauti zimeona kwamba sukari haipandi sana wanga unapokuja mwisho. Anza na mboga, endelea na samaki, malizia na wali.

Baada ya hapo usikimbilie kochi. Tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada mkubwa wa insulini, na ndiyo sababu mazoezi yana nafasi ya pekee kwa mwenye PCOS. Lengo la wiki ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Kuchuchumaa na kusimama mara 15 jikoni huku maji yanachemka ni mazoezi ya misuli, hata kama hakuna anayepiga picha.

Siku moja ilivyo

Asubuhi: oti nene zilizopikwa na maziwa, kijiko cha siagi ya karanga isiyo na sukari, tufaha lililokatwa vipande. Au mayai mawili, nyanya na kitunguu, pamoja na kipande kimoja cha mkate wa punje nzima. Kama unajua asubuhi zako ni za mbio, loweka oti kwenye mtindi usiku.

Mchana: ile sahani ya wali kiasi na maharagwe, mboga za majani na kachumbari yenye ndimu.

Saa kumi, kama njaa ipo kweli: kiganja cha karanga, au chungwa na mtindi usio na sukari. Kama njaa haipo, usile kwa sababu tu imeandikwa hapa.

Jioni: samaki, mboga mbili, na kiazi kitamu kidogo au adesi. Ukila mapema kabla ya kulala ni vizuri zaidi.

Mitego

Chokoleti iko karibu na 40 na aiskrimu karibu na 51. Zinaonekana chini kuliko tikiti maji kwa sababu mafuta yanachelewesha sukari, basi. GI haipimi lishe, inapima kasi.

Maneno "bila sukari" kwenye pakiti ya biskuti hayasemi kitu juu ya unga. Soma mstari wa wanga kwa jumla, kisha wa nyuzinyuzi, kisha orodha ya viambato. Kilichotajwa kwanza ndicho kingi zaidi.

Kuna pia mtego wa kipima sukari cha kidole. Wengine wanakinunua, wanaona namba nzuri baada ya soda, wanajiona wamepona. Katika hatua za mwanzo za usugu wa insulini, sukari inabaki sawa kwa sababu insulini imepanda kuidhibiti, na mashine ile haioni insulini. Isikudanganye.

Na ule mtego wa kujinyima mchana kutwa ukifikiri unajikusanyia akiba. Saa tatu usiku mkono unaingia kwenye mfuko wa krispi na hautoki mpaka mfuko umalizike. Hamu ya sukari jioni mara nyingi ni deni la asubuhi isiyo na protini. Usingizi mfupi nao huongeza usugu wa insulini na njaa, na wenye PCOS wana uwezekano mkubwa zaidi wa kukatika pumzi usingizini. Ukikoroma sana na kuamka umechoka, mweleze daktari.

Sherehe zipo na zitaendelea kuwepo. Kula keki, baada ya chakula na si kabla, kisha cheza muziki. Mlo unaofuata unarudi kwenye sahani yako bila adhabu.

Hatua ya 7: Pima kwa miezi, si kwa siku

Jipe miezi 3 kabla ya kuhukumu. Yai huchukua muda wa miezi kukua hadi kupevuka, na kipimo cha damu cha HbA1c kinaakisi wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3. Nguvu za mchana na njaa hubadilika mapema zaidi, mara nyingi ndani ya wiki chache. Nywele za usoni ndizo za mwisho kusikia habari. Ni miezi 6 au zaidi, na nyingine hazitaondoka kwa chakula peke yake. Kunyoa au kuzing'oa si kushindwa.

Kila mwezi andika tarehe ya hedhi, kiuno, na neno moja kuhusu nguvu zako. Kama una uzito mkubwa, kupungua asilimia 5 hadi 10 kunatosha kuleta mabadiliko kwenye hedhi kwa wengi. Mwenye kilo 80, hiyo ni kilo 4 hadi 8. Kama wewe ni mwembamba, lengo lako si kupungua. Badili aina ya wanga, usipunguze chakula, na ukiona nguo zinalegea ongeza karanga, parachichi na kunde.

Ukiwa unatumia metformini, dawa inayosaidia mwili kuitikia insulini, endelea nayo. Inywe pamoja na chakula ili tumbo litulie, na ikiwa umeitumia miaka mingi omba kupimwa vitamini B12, maana inaweza kuishusha. Usiache dawa kwa sababu hedhi mbili zimekuja kwa wakati.

Rudi kliniki bila kungoja miezi 3 ikiwa hedhi imepita siku 90 bila kuja na huna mimba, kwani utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unaokaa muda mrefu bila kumwagwa unaweza kuleta mabadiliko mabaya. Ikiwa unatokwa damu nyingi au kwa siku nyingi. Ikiwa sauti inakuwa nzito au nywele zinaota kwa kasi ndani ya wiki chache. Au ikiwa una kiu kali na unakojoa sana. Hayo si mambo ya kurekebisha kwa maharagwe. Na kama huzuni imekaa muda mrefu, itaje hapohapo kliniki, kwa sababu wasiwasi na sonona vinawapata wenye PCOS zaidi ya wengine, na vina tiba.

Jambo moja husahaulika sana. Ovari zikianza kuamka, yai linapevuka kwanza, hedhi inafuata wiki mbili hivi baadaye. Anayesubiri hedhi ya kwanza irudi ndipo afikirie uzazi wa mpango anaweza kukuta hedhi hiyo haikuja kwa sababu nyingine kabisa: tayari ana mimba. Kama hutaki mimba sasa, tumia kinga tangu wiki unapoanza kubadili sahani. Kama unaitafuta, anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, na muulize daktari kama uzito wako au kisukari kinakufanya uhitaji dozi kubwa zaidi ya hiyo.